Milimita Mia Tatu Nyuma ya Uzi

Kabla sijashika kamera nilikuwa nauza mitumba Makambako, na mazoea ya mitumba hayatoki mwilini. Shati hulinunui ndani ya kibanda. Unalitoa nje, unaliinua juani, unatazama kwapa, unatazama kola, unaligeuza, kisha unaanza upya. Kwa miaka tisa nilitazama kila kitu mara mbili, na siku zote juani. Hakuna muuzaji aliyewahi kunipiga kwa ujanja. Kwa hiyo siku nilipopigwa, nilipigwa na jua langu mwenyewe.

Aliyenipiga ni mwenye studio mmoja wa Njombe mjini. Simtaji jina, na wala si kwa huruma. Kumtaja ni kumtangazia biashara.

Mambo yalikuwa hivi. Nje ya mji wa Njombe kuna misheni ya masista, na kila mwaka, mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, wale waliomaliza malezi huweka nadhiri za daima. Ndugu hutoka Makete, hutoka Ludewa, wengine husafiri siku nzima. Misa ikiisha, wapiga picha hukimbilia ukumbini kuchapa picha kwa printa ndogo, kisha kila mmoja anatandaza picha zake kwenye turubai pale uwanjani, na watu wanainama kujitafuta. Hakuna cha mkataba. Picha ikimpendeza mtu anaichukua, isipompendeza anairuka kama anaruka dimbwi. Kwa miaka mingi turubai lilikuwa moja tu, la yule bwana. Mwaka ninaousema, Sista anayesimamia ibada alinipa na mimi ruhusa.

Ila kuna uzi. Sista huyo hachezi. Anachukua uzi wa katani, ule wa kushonea magunia ya viazi, anaufunga kutoka benchi la kumi kushoto hadi benchi la kumi kulia. Mpiga picha akiuvuka anatolewa nje mbele ya askofu. Kamera yangu ilikuwa na lenzi iliyoishia milimita mia na thelathini na tano. Kutoka benchi la kumi, kwa lenzi hiyo, ningepata sista mzima, benchi la kwaya, na mgongo wa shemasi. Pete isingeonekana, na pete ndiyo kila mzazi anayoitafuta.

Nikaenda kwa yule bwana. Ndiyo, nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu.

"Dada yangu, lenzi ya nini?" akasema, akinivutia kiti. "Kwa nini ununue nyingine wakati unaweza kuirefusha uliyonayo?"

Akatoa kwenye kabati kipande kifupi cheusi, kama kikombe kisicho na kitako, kina vioo ndani. Konvata. Unaifunga kati ya kamera na lenzi, nayo inakuvutia mbali mara mbili. Mia na thelathini na tano inakuwa mia mbili na sabini. Nilipiga hesabu mara mbili, ikatoka ileile.

"Ya kazi gani?" akauliza, kama anayeuliza hali ya hewa.

"Ya masista, kaka. Mwezi wa saba."

"Aaa. Itakufaa sana."

Nilifanya ninachokijua. Nilimwambia siinunui bila kuijaribu, tukatoka nje. Jua la saa sita lilikuwa linawaka. Ng'ambo ya barabara, mbali kabisa, kulikuwa na lori limeegeshwa. Nikapiga. Nikakuza picha. Namba ya lori ilisomeka, na juu ya namba nikasoma hata vumbi. Nikapiga tena. Ikasomeka tena. Tukabishana bei mpaka akashika kichwa, akaniambia mimi si mteja, mimi ni ugonjwa. Nikarudi Makambako nikijiona nimemkamua.

Sasa nieleze kwa anayetaka kujua, maana mimi sikuelezwa. Konvata ya mara mbili haikupi umbali bure. Inakula mwanga. Inakuachia robo. Lenzi yangu yenyewe ilikuwa ya tundu dogo, haipitishi mwanga mwingi hata ikiwa peke yake. Ukiiwekea konvata, kamera inatazama dunia kupitia tundu la sindano. Nje, saa sita mchana, jua lipo la kumwaga, robo yake inatosha na kubaki. Ndani ya kanisa la mawe, mwezi wa saba, ukungu umelalia madirishani, vioo vyenyewe vya rangi ya kahawia, robo ya mwanga ule ni giza lenye adabu.

Siku ya siku, wa kwanza alipopiga magoti nikabonyeza. Lenzi ikaanza kutafuta: ikaenda mbele, ikarudi, ikaenda, ikarudi, inalia zzz-zzz kama nzi ndani ya chupa. Watu wakageuka. Nikaacha otomatiki, nikazungusha kwa mkono. Nikapata kitu. Kitu cheupe kinachotetemeka.

Yule bwana alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na lenzi yake ya milimita mia mbili, tundu pana kama bakuli, inakunywa mwanga wote uliokuwemo. Tik. Tik. Tik. Hana haraka.

"Kaka," nikamnong'oneza, "hii haishiki. Nifanyeje?"

Hakuondoa jicho kwenye kamera. "Nilikuuzia umbali, dada. Mwanga hukuniuliza."

Tik.

Uwanjani nilitandaza nilichokuwa nacho. Mama mmoja aliokota picha, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akamwonyesha mumewe. "Huyu ni mwanetu au ni pazia?" Watu wakacheka, na hakuwa na nia mbaya, alikuwa anauliza kweli. Kutoka turubai la pili nikamsikia yule bwana akiwaambia wateja wake, kwa sauti ya upole ya kwenye msiba, "Msimlaumu mwenzangu. Alikuwa anajaribu kubana matumizi."

Nilikunja turubai langu. Nilisamehe? Sikusamehe. Nilikwenda kanisani kwangu Jumapili, nikasali kila sala, na ilipofika mahali pa kusameheana nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Ile konvata niliiuza kabla mwaka haujaisha. Nilimuuzia kijana anayetembeza wageni hifadhi ya Kitulo wakati wa maua, na nilimwambia yote: nje, juani, ndege akiwa mbali, itamfaa, akiingia nayo ndani atajuta. Ananitumia mpaka leo picha za ndege waliotua kwenye mabua, wazi kabisa hadi kucha. Kifaa hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa na studio Njombe mjini.

Nikaanza kutafuta lenzi, na kutafuta lenzi ukiwa na hasira kunasaidia, maana hutamani vitu vya ovyo. Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, ile mia mbili yenye tundu pana kama yake. Bei yake, kwa hesabu zetu za Makambako, ni shamba la viazi likiwa na viazi vyake. Tena hata kama ningeipata, tungesimama bega kwa bega tukiwa sawa, na mimi sikutaka sawa. Ya pili, zile ndefu zinazovuta mpaka milimita mia sita, bei ya kati, lakini tundu lake dogo, na tundu dogo nilishakula nalo chumvi. Ya tatu ilikuwa kwa fundi picha mmoja mzee hapo hapo Makambako, aliyekuwa akipiga picha za mpira na sasa anafunga kazi. Milimita mia tatu, tundu la kutosha, lakini haivuti wala hairudishi. Ni mia tatu tu, uipende usiipende. Ukitaka kumpata mtu mzima, rudi nyuma kwa miguu.

"Haina soko kwa sababu ya harusi," mzee akaniambia bila kuficha. "Kwenye harusi unamkuta bibi harusi amekusogelea, unampata pua."

"Tuijaribu," nikasema.

Akachukua kofia, akaelekea mlangoni. "Twende nje."

"Si nje, mzee wangu. Twende kwenye ghala la viazi."

Alinitazama. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ghala la jirani, magunia yamepangwa hadi darini, mlango mmoja. Nikamwomba mwenye ghala aturuhusu, kisha nikaurudisha mlango hadi ukabaki upenyo wa mkono.

"Mama, watu wote hujaribia nje."

"Najua. Na mimi nilikuwa mmoja wao."

Nikalenga gunia la mwisho kabisa ukutani, lenye alama ya mwenye mzigo kwa rangi nyekundu. Lenzi ikashika mara moja, kimya. Nikapiga. Alama ikasomeka. Nikamwambia mzee asogee akae karibu na gunia lile, nikampiga. Nikahesabu kope zake. Nikazihesabu tena.

Aliponitajia bei nikacheka. Nilipomtajia yangu akakaa juu ya gunia. "Unataka nikuzawadie?" "Nataka uniuzie pua, mzee. Umesema mwenyewe inapiga pua. Pua haiwezi kulipiwa kama uso mzima." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na mtu akicheka bei imeshashuka. Akaongeza juu yake konvata ndogo, ile inayozidisha mara moja na nusu hivi, si ya mbili. Inakula nusu tu ya mwanga. Safari hii niliuliza mwenyewe, na nikaijaribia ghalani vilevile.

Nilipofika nyumbani ndipo nikaiona shida. Kutoka benchi la kumi, mia tatu ingenipa uso na mabega. Pete ingekuwa nje ya picha. Lenzi isiyorudisha inahitaji nafasi nyuma yake. Nilikaa nalo hilo siku mbili. Siku ya tatu nikatabasamu peke yangu jikoni, sufuria mkononi. Kama lenzi haiwezi kurudi nyuma, basi uzi urudi nyuma. Na uzi ukirudi nyuma ya kutosha, milimita mia mbili za mtu fulani zitaona sista wa ukubwa wa punje ya ulezi.

Nikapanda gari hadi Njombe, nikaenda misheni. Sista alikuwa bustanini na buti za mpira.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Karibu, mwanangu. Umekuja kuomba ruhusa mapema hivi?"

"Nimekuja kuomba radhi, Sista. Mwaka jana sisi wapiga picha tulikuwa kero. Kamera zinalia, watu wanageuka. Nimekaa nikafikiri: ingekuwa vizuri tukikaa nyuma zaidi, ibada ikapata utulivu."

Alichomeka jembe ardhini. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hivyo. Yule mwenzako wa mjini kila mwaka ananiomba niusogeze mbele."

"Kila mtu na moyo wake, Sista."

Tukaingia kanisani. Nilihesabu mabenchi kutoka altareni. Kwenye la kumi na nane, nililolipigia hesabu nyumbani, nilisimama, nikahesabu tena kurudi. Lilikuwa lenyewe.

"Hapa?" Sista akashangaa. "Kweli mtaona?"

"Tutajitahidi, Sista."

Sikuwahi kusema uongo mtamu kama ule, na hata si uongo. Mimi ningejitahidi kidogo, yule bwana angejitahidi sana.

Mwezi wa saba ukafika na ukungu wake. Nilitangulia, nikasimika lenzi kwenye mguu mmoja wa chuma, nikatulia. Uzi ulikuwa umefungwa benchi la kumi na nane, umekazwa, umepigwa mafundo mawili. Ila kulikuwa na kitu ambacho sikukihesabu. Sista ni mtu wa haki. Alikuwa amesema anayepiga picha akae nyuma ya uzi, na siku hizi nani hapigi picha? Miaka yote, wakati wa pete, akina mama walikuwa wanasogea hadi mbele na simu zao na vigelegele vyao. Mwaka ule alisimama katikati na kuwaambia: mwenye simu mkononi, nyuma ya uzi. Hakuna aliyekubali kuiacha simu. Wakaja wote nyuma, na vitenge vyao vizito na sweta, wakajipanga kando yangu.

Yule bwana akaingia akivua glovu. Akasimama pale benchi la kumi kwa mazoea, akatazama chini, akatafuta uzi. Akauona nyuma. Akaja taratibu.

"Uzi umehama?"

"Umehama, kaka."

"Nani kauhamisha?"

"Anaufunga Sista."

Akaitazama lenzi yangu, ndefu kama mchi. "Bomba hilo umelitoa wapi, dada?"

"Mahali penye giza. Safari hii mwanga niliuuliza."

Aliweka jicho kwenye kamera, akaliondoa, akaliweka tena. Nilikuwa nimesubiri mwaka mzima kuuona uso ule, na sitadanganya kwamba ulinisikitisha. Uliniingia kama chai ya tangawizi.

Kiwiko kikanigusa. Mama mmoja mfupi, aliyetoka Bulongwa, alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu.

"Kamwene, mwanangu. Wewe una darubini. Wangu ni yule wa tatu au wa nne?"

"Wamevaa sawa wote, mama."

"Ana kovu kidevuni. Alianguka na ndoo."

Nikatazama. Wa tatu, kidevu safi. Wa nne, kovu. "Ni wa nne."

"Analia?"

"Halii."

"Basi ndiye." Akashusha visigino, akapumzika, akapanda tena. "Miaka mingine wanasema wazazi walikuwa mpaka kule mbele. Dada yangu alimshika wake mkono. Mwaka huu sijui wametukosea nini."

Nikarudisha jicho kwenye kamera. Askofu alishika pete, nikapiga. Nilimpata wa nne sawasawa: kidole, pete, kovu, na mdomo uliokaza kutolia. Mama alipaza kigelegele akiielekea simu yake, ambayo ndani yake, niliiona, palikuwa na kitone cheupe kati ya vitone.

Uwanjani ikawa kama nilivyoipanga, hata zaidi. Watu walizunguka turubai langu tabaka tatu. Pete zilionekana. Machozi yalionekana. Mzee mmoja aliniambia ameona hata kishikizo ambacho mkewe hakukishona. Kule kwa yule bwana, picha alizikuza mpaka nyuso zikawa uji wa ulezi. Nikamsikia mama akimuuliza, akiwa ameishika moja kwa ncha za vidole, "Kaka, hizi ulipigia kutoka kule mbali, Matamba?" Kicheko chake kilifika mpaka kwangu, nikakipokea, nikakiweka mahali pazuri.

Picha zangu zilipoisha, nilikuwa bado sijatosheka. Nikamwendea. Nilikuwa nimeamua kununua picha yake moja, kwa bei atakayoitaja, bila kuomba apunguze hata mia. Anayenijua anajua hilo ni tusi gani. Mimi nabishana bei ya mshumaa. Kumlipa mtu bila kubishana ni kumwambia: pole, nimekuhurumia, kanywe chai.

"Umekuja kucheka?" akauliza.

"Nimekuja kununua."

Nikainama kuchagua iliyo mbaya kuliko zote. Uji, uji, uji. Halafu nikaona moja aliyoipiga, nadhani, alipokata tamaa na altare. Alikuwa amejisogeza mpaka ukuta wa pembeni, akatugeuzia kamera. Ilikuwa ni sisi. Uzi umepita katikati ya picha kama mstari wa rula, na nyuma yake akina mama kumi na saba. Nilihesabu, nikahesabu tena, kumi na saba, wote kwa vidole vya miguu, simu zimeinuliwa juu ya vitambaa vya kichwa, shingo zimenyooka. Karibu nami yule wa Bulongwa, mdomo wazi katikati ya kigelegele, macho yamefinywa akitafuta kovu asiloweza kuliona. Na mimi kando yake, nimetulia starehe nyuma ya bomba langu, ninatabasamu. Mwanga ulikuwa mzuri. Lenzi yake, kwa umbali ule, ilikuwa haina mpinzani.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za siku ile, zangu zikiwemo.

"Bei gani hii?"

Akataja. Ilikuwa juu, ya makusudi. Akangoja niseme. Nikalipa. Alizishika zile noti bila kuziweka mfukoni, ananitazama, hajui amepewa nini, na hata mimi nilikuwa sijui vizuri.

Sista alinikuta napakia vitu kwenye gari, buti zake za mpira tena miguuni.

"Mwanangu, ushauri wako ulikuwa mzuri. Ibada ilitulia. Mwakani tuuweke uzi pale pale?"

Picha ilikuwa chini ya koti langu. Nilimfikiria mama na visigino vyake. Kisha nikatazama upande wa pili wa uwanja, ambako mtu mmoja alikuwa anakunja turubai zito, limejaa picha zisizonunuliwa.

"Akina mama warudi mbele, Sista, na simu zao. Wale ni wazazi."

"Na nyinyi wapiga picha?"

"Sisi?" nikasema. "Sisi pale pale. La kumi na nane. Ufunge mafundo matatu."